Klabu Iliyocheza na Watu Kumi

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hili mapema ili msomaji akae kitako bila kugeuka-geuka kutazama nani yuko nyuma yake. Inaitwa Jamhuri ya Utulivu, na kwa kuwa haipo, wakubwa wake hawapo, mahabusu zake hazipo, na mtu atakayejiona humu basi kajishuku mwenyewe. Mimi simo.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo umo mji mdogo wa pwani, Majikupwa, unaosifika kwa chumvi, pweza mkavu na ubishi. Klabu yake ya kandanda inaitwa Pweza, na mimi ndiye katibu wake tangu goti liliponiharibikia nikawa sifai kwa kazi nyingine uwanjani. Mwaka huu wa Jubilei ya Utulivu kila klabu iliamriwa iandike historia yake, "iwe fupi, ya kujenga, isiyo na matukio." Ya kwetu nimekwisha kuipeleka wilayani. Inasema tulianzishwa, tukacheza, tunaishukuru serikali. Hii hapa ni ile nyingine.

Pweza ilianzishwa na wachota chumvi waliochoka kuwatazama makarani wa forodha wakicheza peke yao. Jezi za kwanza zilishonwa kwa magunia ya unga, na mpaka leo wazee huapa kwamba siku ya mvua timu nzima ilinukia uji. Hatujawahi kulipwa na mtu. Golikipa wetu ni mwoka mikate. Beki wa kati ni mwadhini wa msikiti wa Ijumaa, na akikuita umpe mpira, huwezi kusingizia kwamba hukusikia. Uwanja uko kando ya mashamba ya chumvi, na siku za bamvua bahari huingia mpaka kwenye kibendera cha kona ya kushoto. Kwa hiyo winga wa kushoto wa Pweza siku zote alitakiwa awe mtu asiyeogopa kulowa.

Enzi zetu winga huyo alikuwa Vuai Nyange. Kwa kazi alikuwa kinyozi, na kama vinyozi wote alikuwa na mdomo. Alikuwa ndiyo kwanza amemwoa Bi Mafunda, msichana wa mtaa wa nyuma ya soko, mwenye macho ya kukutazama mpaka ukakumbuka dhambi zako. Nao walipendana waziwazi, jambo ambalo mjini kwetu lilionekana kama kukosa kazi.

Sasa, siku ya Sikukuu ya Utulivu tukapangiwa mechi ya kirafiki na Timu ya Wilaya. Mkuu wa Wilaya wa wakati ule akapenda kudaka yeye mwenyewe. Tuliambiwa kwa mdomo kwamba Bwana Mkuu hapendi kuinama, na sisi, watu wa kuelewa, tukaelewa kwamba mipira ya chini haitakiwi. Vuai hakuelewa, au alielewa kupita kiasi. Aliwapita polisi wawili waliokuwa mabeki, akabaki yeye na lango, akampiga Bwana Mkuu tobo. Mpira ulipita katikati ya miguu ya serikali, taratibu, ukaingia wavuni, na watu wakacheka. Goli lingesamehewa. Kicheko ndicho hakikusameheka.

Wakati wa mapumziko likaja gari jeupe lisilo na namba.

"Ndugu Vuai, tuna mazungumzo mafupi."

"Mafupi kiasi gani? Nina kipindi cha pili."

"Utakiwahi."

Vuai akavaa ndara zake, akamgeukia mwenyekiti wetu, Dadi Kheri, ambaye ni fundi cherehani. "Msimwingize mtu nafasi yangu," akasema. "Narudi."

Hatukumwingiza mtu. Kipindi cha pili tukacheza kumi. Jumamosi iliyofuata tukacheza kumi. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana ndevu na madeni, nasi bado tulikuwa tunacheza kumi, upande wa kushoto uko wazi, na hakuna mchezaji wetu aliyethubutu kusimama pale. Wageni walituuliza kama hiyo ni mbinu. Tuliwajibu kwamba ni ahadi, wakadhani hatujui Kiswahili cha mpira.

*Bi Mafunda anauliza*

Lakini mwenye msiba hasa hakuwa klabu. Klabu inaweza kucheza na pengo. Mwanamke hawezi kuwa mke wa pengo. Kila mwaka, mwezi ule ule, Bi Mafunda alivaa buibui lake akaenda ofisi ya wilaya.

"Namuulizia mume wangu."

"Hatukumchukua mtu, bibi."

"Basi amekufa?"

"Hatuwezi kusema amekufa mtu ambaye hatukumchukua."

"Kama hamkumchukua na hakufa, yuko wapi?"

"Hayo, bibi, ni mambo ya mke na mume. Serikali haiingilii."

Akaenda kwa kadhi. Kadhi anao uwezo wa kumhukumia mwanamke ambaye mumewe amepotea. Ila kadhi wetu naye ni mtumishi wa Jamhuri, na katika Jamhuri ya Utulivu hapotei mtu. Kwa huruma akamshauri aombe kuachishwa kwa kosa la mume kutotoa matumizi.

"Sitaki talaka, Shehe," Bi Mafunda akamwambia. "Nataka habari."

Basi akakaa hivyo, si mke si mjane, akipika mikate ya sinia na kuuza mlangoni. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu: aambiwe ukweli wa mumewe, ili kama amekufa, amzike na kumlilia kama watu wanavyoliliana, akae eda yake, amalize. Jambo hilo dogo alilinyimwa na watu watano waliopokezana kiti kimoja, na kila mmoja alimkaribisha chai.

*Serikali yajifunza kuhesabu*

Mwaka wa Jubilei akaletwa Mkuu wa Wilaya mpya, Mheshimiwa Dokta Makini. Udaktari alitunukiwa na chuo ambacho yeye mwenyewe aliwahi kukifunga. Alikuwa mtu wa kushuku. Aliwashuku paka wa sokoni kwa kuwa walimtazama bila kupepesa macho. Aliishuku bahari, inakupwa na kujaa kila siku bila kibali, akauliza ni nani anayeiruhusu. Jumamosi moja akaja uwanjani, akatuhesabu kwa kidole, akatuhesabu tena, kisha akamwita askari ahesabu.

"Wako kumi, Mheshimiwa."

"Najua wako kumi. Nauliza wa kumi na moja kajificha wapi!"

Mnaona, kwa akili ya Mheshimiwa hakuna binadamu anayeweza kukubali kupungukiwa kwa hiari yake. Kwa hiyo wa kumi na moja yupo, na wakati hawa kumi wanatupumbaza kwa mpira, yeye yuko mahali anafanya jambo. Papo hapo ikaundwa Tume ya Kumtafuta Mchezaji Asiyeonekana.

Mji ukajaa wageni. Akaja muuza aiskrimu asiyekuwa na aiskrimu. Akaja mtafiti wa kunguru, akawapa kunguru mgongo na kutafiti madirisha yetu. Akaja ombaomba kipofu ambaye aliruka kila dimbwi. Sisi hatukupata tabu kuwajua. Majikupwa chumvi hula viatu vya kila mtu, tajiri na maskini. Kwa hiyo mwenye kiatu kizima tunamwamkia vizuri, tunamkaribisha kahawa, na hatumwambii kitu. Ikafika mahali hata sisi kwa sisi tukawa tunatazamana miguu kabla ya kuamkiana. Mwoka mikate alinunua makubadhi mapya ya Idi, akakaa wiki nzima bila wateja.

Tume ilituhoji sote, kila mmoja peke yake, na sote tukajibu jibu moja: mlimchukua nyinyi. Dokta Makini akafurahi mno. Watu wote hawa kusema neno moja bila kupishana, akasema, ni dalili ya njama kubwa. Akamwita Dadi Kheri.

"Mzee, wa kumi na moja yuko wapi?"

"Mheshimiwa, mnajua nyinyi."

"Unanituhumu kwamba najua?"

"Astaghafirullahi! Sijawahi kukutuhumu kujua kitu."

Dokta Makini alilitafakari jibu hilo, akaamua ni la heshima. "Basi kwa nini hamuweki mtu mwingine?"

"Alisema anarudi."

"Na kila anayesema anarudi mnamngoja mpaka mzeeke?"

"Tumezoea, Mheshimiwa. Hata maji ya bomba mlisema yanakuja."

Dadi Kheri alilala ndani kwa jibu hilo. Asubuhi walipomtoa akakuta wamempokonya mkasi wake kwa uchunguzi, na mpaka leo haujarudishwa.

Tatizo likawa mechi ya Jubilei. Ilikuwa ioneshwe nchi nzima katika televisheni, na Dokta Makini hakupata usingizi akifikiria taifa zima likitazama ule upande wa kushoto na kuulizana. Akatuamuru tuwe kumi na mmoja. Dadi Kheri akasema, kwa unyenyekevu wote, tutakuwa kumi na mmoja siku mwenyewe atakaporudi.

"Basi atarudi," akasema Dokta Makini. Alitabasamu, nasi tuliomwona hatukulipenda tabasamu lile.

*Vuai anarudishwa*

Tuliitwa uwanjani kwa kipaza sauti. Gari likaja, safari hii lina namba na maua. Akashuka kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye suti na viatu vya kung'aa. Vuai alikuwa mfupi, na kwa hesabu yoyote ya halali angekuwa amepita hamsini. Huyu lafudhi yake ilikuwa ya bara, na bahari aliitazama kwa hadhari, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani.

"Ndugu wananchi!" Dokta Makini akanguruma. "Serikali haikumchukua Vuai Nyange. Leo, kwa mapenzi yake makubwa, inamrudisha!"

Tukapiga makofi. Wanaopiga makofi huhesabiwa, na wasiopiga huandikwa. Mwadhini alinong'ona kwamba Vuai amerefuka.

"Alikokuwa analishwa vizuri," Dokta Makini akajibu, maana alikuwa na masikio.

"Na ujana?"

"Hewa ya huko ni safi."

Ndipo akaitwa mbele Bi Mafunda, na hapo kicheko kikatukauka. Akisema siye, ameiita serikali mwongo hadharani, na kosa hilo sote tulijua linampeleka mtu wapi. Akisema ndiye, basi amepata mume: hana maiti wa kuzika, hana eda ya kukaa, swali lake limejibiwa na kufungwa, na mgeni yule ana haki ya kuingia chumbani mwake. Dokta Makini alikuwa amelipanga jambo lake barabara. Bi Mafunda alimtazama yule kijana kwa yale macho yake, na kijana akatazama chini.

"Karibu nyumbani, Vuai," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Alikuwa salama," akajibu Dokta Makini.

"Nimemuuliza mume wangu, Mheshimiwa. Anao mdomo. Alikuwa kinyozi."

Kijana akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa amefundishwa kila kitu: jina la baba, jina la babu, mtaa, mguu anaopigia. Hilo moja hawakumfundisha, kwa kuwa ofisi nzima hakuna aliyekubali kwamba analijua.

"Basi utanijibu ukishapumzika," Bi Mafunda akasema. "Lakini mume aliyetoka nisikokujua haingii kwangu mpaka aseme alikotoka. Katibu, mpe kitanda klabuni."

Kadhi, ambaye anaogopa vitu vingi, safari hii akaitikia kwa kichwa mbele ya watu. Mpaka leo sijui alipata wapi ujasiri ule.

*Habari za huko*

Kwetu mtu akirudi safari, mji mzima huenda kumwona. Unakwenda na chochote ulichojaliwa, mnakula pamoja, halafu unamuuliza, "Habari za huko?" Naye lazima aseme. Msafiri akila chakula cha watu asitoe habari, hana heshima tena. Na aliyekwenda kumwona si adabu ainuke kabla hajaambiwa. Haya Tume haikuyajua. Ilikuwa imechunguza siri zetu zote na kusahau desturi zetu.

Basi watu wakaja klabuni kwa sahani na chupa za chai.

"Habari za huko, Vuai?"

"Nzuri."

"Huko wapi?"

"Huko... mbali."

"Mbali upande gani, mwanangu?"

Naye akanyamaza, nao wakakaa. Walikaa mpaka adhana, wakaenda kusali, wakarudi. Mwoka mikate alileta boflo za moto kila siku na kumtazama akitafuna. Bi Mafunda naye alikuja na mkate wake wa sinia, akakaa kizingitini, akauliza mara moja tu, "Ulikuwa wapi?" Alingoja kidogo, akaondoka. Wengine kijana aliweza kuwavumilia. Bi Mafunda akishaondoka, kijana alikuwa hali tena.

Mazoezini tulimpanga beki wa kulia. Siku ya kwanza alipoingia uwanjani, mmoja wetu akashikwa na tumbo, akatoka, tukabaki kumi. Siku ya pili likamshika mwingine. Dokta Makini alishuku maji ya kisima, akaleta mabwana afya wakakimwagia dawa, na kwa mara ya kwanza tukaumwa matumbo ya kweli. Upande wa kushoto ukabaki wazi kama kawaida. Kijana hakuwa mchezaji mbaya, ila alikuwa akimwomba radhi kila aliyempokonya mpira.

Je, tulimwamini? Hata kidogo. Mbele yake tulizungumza habari za mvua, tena kwa uangalifu. Mimi niliyelala chumba cha pili nilipekua chini ya kitanda chake nikitafuta mashine ya kunasa sauti. Nilikuta viatu vyake tu, vimeanza kuliwa na chumvi.

Siku moja alirudi kutoka wilayani amesawajika, akanisimulia mwenyewe. Alikuwa amekwenda kumuuliza Dokta Makini alikuwa wapi.

"Hukuwa popote," Dokta alimjibu. "Hatukukuchukua."

"Lakini nimerudi, Mheshimiwa."

"Umerudi, ndiyo."

"Kutoka wapi?"

"Kijana, unaanza kunitia wasiwasi."

"Hata mimi, Mheshimiwa, nimeanza kujitia."

Aliponimalizia kisa hicho akashika kichwa. "Katibu, watu wa kwenu mtaniua kwa chakula," akasema. Kisha akauliza, "Yule mama amekuja leo?"

"Amekuja."

Kesho yake akaaga kwamba anakwenda mji mkuu kung'oa jino. Sisi tukajua: anakwenda kutuchongea. Kwa hofu ya kupekuliwa tulichoma hata vitu visivyokuwa na hatia, pamoja na picha moja ya harusi yangu. Aliporudi, mwadhini alimchekesha makusudi apate kumwona kinywani. Meno yote yalikuwapo.

*Jubilei*

Baba wa Utulivu, mkuu wa Jamhuri yetu, hakuja. Aliletwa katika picha, ikapewa kiti cha mbele na walinzi wawili, na kila mzungumzaji aliiinamia kwanza. Kamera zilikuwa nne. Dokta Makini alihutubia mpaka bamvua likafika kwenye kibendera cha kona. Alisema Jamhuri yetu ndiyo pekee duniani ambayo hata waliopotea hawakupotea. Halafu akamwita Ndugu Vuai Nyange atoe shukrani alizokaririshwa.

Kijana akashika kipaza sauti. Hakutazama kamera. Alitazama upande walikoketi wanawake.

"Mimi ni Vuai Nyange," akasema. "Serikali imenitambua mbele yenu, kwa hiyo nitakayoyasema ni maneno ya Vuai Nyange." Dokta Makini alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Nimekula vyakula vya mji huu na sijatoa habari za huko. Leo nazitoa. Nilikwenda kumtafuta dereva wa lile gari. Sasa ni mzee, anafuga kuku. Alinifukuza, nikamwambia, mzee, mimi ndiye Vuai, utanificha mimi? Akalia, akasema yote."

"Zima hiyo!" Dokta Makini akapiga kelele. Fundi mitambo akaikimbilia swichi, lakini ilikuwa swichi ya serikali, ikakwama.

"Mafunda, sikufika mbali. Walinipiga ndani ya gari kwa sababu ya lile tobo, wakanipiga kupita walivyotumwa, na tulipovuka daraja nilikuwa nimekwisha kufa. Walinifukia pale penye tanuru la chokaa lililobomoka, upande wa nyuma. Sikukuacha. Nilikuwa narudi kipindi cha pili."

Bi Mafunda alisimama. Alishika bega la jirani yake.

"Huyu si Vuai Nyange!" Dokta Makini alikuwa amekwisha kunyakua kipaza sauti. "Huyu ni tapeli!"

Dadi Kheri akainuka polepole. "Mheshimiwa, tusaidie. Kama siye, basi serikali ilitudanganya. Kama ndiye, basi amekufa na ametuambia alipozikwa. Tuambie tushike lipi, sisi ni watu wa kutii."

Sijawahi kuona kiongozi akifikiri kwa bidii namna ile. Hatimaye ikatangazwa kwamba mechi imeahirishwa kwa sababu ya jua kali. Mbingu yote ilikuwa mawingu. Televisheni ikageuza ikaonesha kilimo cha vitunguu, na picha ya Baba wa Utulivu ikaondolewa kwanza, kwa usalama wake.

Wale wa gari walikuwa wamekwisha kusimama kando ya uwanja. "Ndugu, tuna mazungumzo mafupi."

Kijana akavua jezi, akanipa. "Upande wa kulia mpangeni mwingine," akamwambia Dadi Kheri, "msije mkapata shida kwa ajili yangu." Wakamchukua. Hatukuwa tumewahi kumuuliza jina lake. Tulikuwa na kazi ya kumshuku, na kazi hiyo tuliifanya vizuri.

*Baada ya hapo*

Tulikwenda kwenye tanuru na majembe, wanaume wote wa mji, na hata njiani wapo waliosema huu ni mtego. Haukuwa mtego. Tulimkuta Vuai upande wa nyuma, kama tulivyoambiwa. Tulimkafini, tukamsalia, tukamzika kwa watu wake. Bi Mafunda alilia kilio kilichokuwa kimemngoja miaka yote ile, kikasikika mpaka sokoni, nami nililia sikuona haya. Kisha akavua bangili, akafuta wanja, akaingia eda. Serikali ikatangaza kwamba pale tanuruni hakukuonekana mtu, na kwamba aliyeonekana si mwenyeji wa wilaya hii. Dokta Makini alipandishwa cheo, akawa balozi katika nchi ambayo nayo, nadhani, haipo.

Jumamosi ya kwanza baada ya hitima tulimpanga winga wa kushoto, mtoto wa mwoka mikate, na watu wakampigia vigelegele mpaka akasahau mpira. Tulipotazamana, tukajikuta tuko kumi. Nafasi ya beki wa kulia hakuiingia mtu. Hakikukaa kikao, haikupigwa kura. Kila mmoja alikuwa ameipita akasimama kwingine. Mwamuzi akauliza jina la asiyekuwapo. Dadi Kheri hakuwa na la kujibu, kwani jina pekee tulilokuwa nalo tulikuwa tumelizika.

Wiki ile Bi Mafunda alipotoka eda, alishuka mjini mwanamke kutoka bara. Viatu vyake vilikuwa vizima. Tulimwamkia, tukampa kahawa, tukamwambia habari za mvua. Akauliza uwanja wa mpira uko wapi, nasi tukamwonesha njia ndefu. Alipofika akatukuta tumekwisha kufika kabla yake, tumekaa, tunamtazama miguu.

Akasema mumewe ni mtumishi wa serikali. Mume huyo alimuaga kwamba anakwenda pwani kwa kazi ya muda mfupi, atavaa suti. Akamwona katika televisheni akizungumza, kisha akaona vitunguu. Alikwenda ofisini kwao, wakamkaribisha chai, wakamwambia hawakumchukua mtu. Mzee mmoja mfuga kuku ndiye aliyemwelekeza aje kwetu.

Sisi tukakaa kimya, maana ndivyo tunavyojua. Bi Mafunda akatupita katikati, angali ananukia udi, akaketi chini pamoja na yule mgeni, akamshika mkono.

"Mumeo anaitwa nani, mwanangu?"

Mwanamke akatutazama mmoja mmoja, akitushuku, kisha akalitaja. Dadi Kheri akalirudia polepole apate kulishika, na sisi wengine tukalirudia baada yake.